Waliita Majina Yetu Mara Tatu

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka sabini na mbili. Ni mkulima wa alizeti hapa Ulemo, mkoa wa Singida, baba wa watoto wanne, na kanisani watu hunikalisha benchi la mbele. Wananiona mtu mzima, mtu mwema... Laiti wangejua!

Nimelibeba jambo hili karibu miaka hamsini. Wazee wachache wanaolijua waliacha kulitaja zamani, na watoto wangu hawalijui. Mke wangu analijua nusu. Mwezi uliopita daktari alinipima moyo, akaniuliza, "Mzee, kuna kitu kinakusumbua?" Nikamjibu hakuna. Nilimdanganya. Nyinyi sitawadanganya.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya vijiji vya ujamaa. Familia yetu ilitoka kwenye makazi yetu ya zamani kule bondeni, tukahamia kijijini, nyumba zimepangwa mstari kama madawati. Wengi walizoea. Mimi sikuzoea! Asubuhi shamba la kijiji, jioni mkutano, kesho vilevile. Lori likipita barabara kuu, niliacha jembe nikalitazama mpaka vumbi lake likatua. Sikujua linakwenda wapi. Nilitaka tu kuwa ndani yake.

Kitu kimoja ndicho kilichonituliza kidogo: muziki. Nilikuwa na gita la kujitengenezea, mwili wa ubao wa mninga, nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Na nilikuwa na mwenzangu, Msengi.

Msengi alikuwa jirani yetu, tumelingana umri. Alipokuwa na miaka tisa alipatwa na ule ugonjwa wa macho uliowamaliza watoto wengi wakati ule, akapofuka kabisa. Lakini msidhani alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Alikuwa na maneno makali na kicheko cha karibu. Ukimwambia "pole", anakuuliza, "Pole ya nini, nimeanguka?"

Alipiga malimba, kile kisanduku chenye vyuma vinavyochezewa kwa vidole gumba. Jamani, yule mtu alipiga malimba! Akiimba huku anapiga, akina mama waliokuwa wanatwanga waliacha mchi hewani. Mimi nilimfuata kwa gita. Tukienda mahali, mkono wake ulikaa begani kwangu. Watu walizoea kutuona hivyo, hata wakawa wanatuita kwa jina moja, Msengi-na-Elia, kana kwamba ni mtu mmoja.

Tena nilikuwa nimemchumbia dada yake, Rebeka. Baba yao, mzee Kitundu, alishakubali. Tulikuwa tunasubiri mavuno tu.

Mwaka ule mavuno yakawa mazuri. Baada ya mtama kuingia ghalani, bwana utamaduni alifika na gari, akabandika karatasi kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Tamasha la ngoma na muziki! Siku mbili, Singida mjini, vikundi kutoka kila upande wa mkoa. Orodha ilipigwa taipu vizuri: ngoma ya akina mama wa Ikungi, wachezaji wa kuruka kutoka Mkalama, wapiga zeze wa Manyoni, kwaya ya shule, na mwisho kabisa bendi ya dansi yenye magita ya umeme, iliyokuwa inazunguka mikoa ya kati. Na katikati ya majina hayo, siku ya pili, namba tisa: Msengi na Elia, Ulemo.

Msengi alinitaka nimsomee orodha ile mara nne. "Rudia hapo kwenye tisa," ananiambia huku anacheka. Nilirudia. Lakini nitawaambia kitu cha aibu... Kila niliporudia, moyo wangu uliuliza: kwa nini jina lake ndilo la kwanza? Kwani bila mimi angefika hata huko Singida?

Siku ya kuondoka, mzee Kitundu alinisimamisha mlangoni kwake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akanishika mkono.

"Elia," akasema, "huko kuna watu wengi na magari. Unamchukua mwanangu hapa mlangoni. Unanirudishia hapa hapa mlangoni."

"Nimesikia, baba," nikamjibu.

Nilisikia, ndugu zangu. Nilisikia vizuri kabisa.

Watu wa Ulemo tulipanda lori moja, wachezaji na wapenzi wa ngoma, tukabanana na magunia ya unga na kuku wa kitoweo. Mjini tulilazwa kwenye madarasa ya shule moja ya Utemini. Siku ya kwanza tulikaa tukitazama wengine. Mimi sikuweza kukaa. Nilizunguka uwanja mzima na mkono wa Msengi begani, nikimweleza kila kitu: jukwaa la mbao, jenereta inayounguruma nyuma, spika ndefu kuliko mtu, upepo wa Singida unaopeperusha bendera za karatasi na kutujaza mchanga mdomoni. Akachoka. "Elia, kaa chini basi, unanizungusha kama ng'ombe wa kukanyaga udongo!"

Asubuhi ya siku ya pili tulikuwa tunafanya mazoezi uani pale shuleni. Akaja mtu amevaa bugaluu, suruali nyeupe pana miguuni, na viatu vya raizoni vilivyompandisha juu kama amesimama kwenye tofali. Alikuwa kiongozi wa ile bendi ya dansi. Jina lake la jukwaani nitaliacha. Nasi tumwite Bosi, kama wenzake walivyomwita.

Alitusikiliza mpaka mwisho. Akamsifu Msengi kwa neno moja. Kisha akanigeukia mimi. Akasema mpiga gita wake wa pili amelazwa kwa malaria, na wao wana shughuli leo. Akaniuliza kama naweza kujifunza nyimbo nne kabla ya mchana.

Mimi! Katika bendi ya umeme!

Msengi ndiye aliyeruka kwa furaha kabla yangu. "Nenda, nenda! Utakuja kunisimulia lile gita likoje." Akanisukuma kabisa. Nikamkalisha kwa watu wa Ulemo, nikaenda kufanya mazoezi, na saa tano nikarudi kumchukua.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyogeuka. Bendi ilikuwa imeandikwa ya mwisho. Lakini Bosi akazungumza na wasimamizi, akawaambia gari lao ni la kuazima na wanatakiwa kufika Itigi, kwa hiyo wapige mapema. Orodha ikabadilishwa kwa kalamu pale pale. Bendi ikawekwa ya nane, na waliokuwa wa nane wakapelekwa mwisho. Sisi tukabaki wa tisa, nyuma yao tu.

Nilimkalisha Msengi kwenye benchi nyuma ya jukwaa, karibu na ngazi. Nikamwekea gita langu mapajani, na malimba yake mkononi. Nikamwambia, "Kaa hapa. Usiondoke. Nikimaliza tu nashuka, tunapanda wote."

"Na mimi niende wapi?" akajibu. "Wewe kapige."

Nikapanda. Ndugu zangu, nitawaelezaje? Niligusa uzi mmoja, sauti ikatoka kwenye spika ikaenda mpaka kwenye ziwa la pale mjini ikarudi! Watu walipiga kelele. Vijana wakaanza kucheza, vumbi likapanda, akina mama wa Ikungi na njuga zao miguuni wakaingia nao. Mimi ambaye majuzi tu nilikuwa navuna kwa kengele ya kijiji... Nilijiona nimezaliwa pale juu.

Tulipomaliza wimbo wa nne, Bosi alininong'oneza huku tunavua mikanda ya magita. Yule mgonjwa hatakuja tena, nafasi ni yangu. Tunakwenda Itigi, halafu reli nzima mpaka mbali. Lori limeshawashwa.

"Unakuja, au unabaki na ngoma zenu?"

Nikamwambia nina mwenzangu, tunaitwa sasa hivi, naomba nipige naye wimbo mmoja tu. Akatazama saa. Akasema lori halisubiri wimbo. Akashuka upande wa pili wa jukwaa.

Nilisimama pale juu. Kulia, ngazi za kwenda kwa Msengi. Kushoto, lori. Nilimwona kupitia upenyo wa turubai. Alikuwa ameinua uso kuelekea kwenye spika, anatabasamu, bado anapiga makofi. Nilikuwa na hatua kumi kumfikia. Kumi tu! Ningesema neno moja. Ningemwita mtu yeyote wa Ulemo, nikamwambia mwangalieni huyu.

Sikufanya hivyo. Kwa nini? Niliogopa. Nilijua nikimfikia atauweka mkono wake begani kwangu, na mkono ule ukishakaa pale sitaweza kuutoa. Nikajiambia watu wa Ulemo wapo, watamwona. Nikajiambia nitaandika barua. Nikashuka kushoto.

Lori lilipokuwa linatoka uwanjani, nilisikia kipaza sauti: "Namba tisa! Msengi na Elia, Ulemo!" Makofi. Kimya. "Msengi na Elia, wa Ulemo, mpo wapi?" Lori likapinda. Mara ya tatu niliisikia kwa mbali, upepo unaikatakata... Mpiga ngoma wa bendi akacheka, akaniuliza kama huyo Elia si mimi. Nikamwambia tumefanana majina.

Je, nilifaidi? Itigi tulipiga siku moja. Moja! Siku ya tatu yule mpiga gita mgonjwa akashuka kwenye treni, amekonda lakini mzima, amebeba begi lake. Bosi akamkumbatia. Mimi nikasimama pembeni nikingoja kuambiwa nitapiga nini. Akanishika bega akasema, "Asante, bwana mdogo, umetusaidia."

Nikamkumbusha aliyoniahidi. Akanitazama kama mtu asiyeelewa lugha. "Nani alikuajiri? Ulipanda mwenyewe."

Treni ikaondoka nao. Nikabaki stesheni na shati nililovaa, bila hata gita. Gita lilikuwa kwenye mapaja ya Msengi.

Kurudi nyumbani nilishindwa. Ningemwambia nini mzee Kitundu? Nikaenda kinyume, nikaingia porini mpaka Mitundu, nikapata kibarua kwa mama mmoja mjane aliyelima karanga na kurina asali. Alinipokea vizuri. Lakini sikutulia! Nikikaa nasikia jina langu linaitwa. Nikilima natazama nyuma. Yule mama aliniuliza, "Mwanangu, nani anakufukuza?"

Miezi minane nilikaa hivyo. Mvua zikaja, zikaisha. Siku moja ya gulio akaja mnunuzi wa asali, na kwa lafudhi yake tu nikamjua ni Mnyiramba mwenzangu. Nikamuuliza habari za Iramba, wilaya yetu, kwa mbali, kama mtu asiye na haja. Katika mazungumzo akaanza kusimulia kisa ambacho kule kwetu kila mtu alikijua, kisa cha kipofu aliyetupwa kwenye tamasha.

Nilikuwa nimeshika debe la asali. Nililiweka chini.

Akasimulia kwamba majina yalipoitwa, kipofu alisimama pale nyuma akasema, "Tupo, mwenzangu anakuja." Wakampisha, wakapandisha kwaya ya shule. Kila kikundi kilichopita kilimuuliza, naye akawajibu wote hivyo hivyo, namsubiri mwenzangu, ameniambia nisiondoke. Watu wa kijiji chake walikuwa upande wa mbele, hawakumwona. Walimwona mwenzake akipiga na bendi, halafu namba tisa haikutokea, wakaamini wawili hao wameondoka pamoja na bendi. Siku zote si walikuwa pamoja? Lori lao likarudi Ulemo.

Uwanja ulipobaki mtupu, akainuka. Akachukua malimba na gita, akaenda akipapasa kutafuta ile shule ya Utemini. Hakufika. Alianguka kwenye mawe makubwa yale ya Singida, na alfajiri akina mama waliokwenda kuteka maji ndio waliomkuta.

"Alikufa?" nikauliza.

"Hakufa. Ila mkono wa kulia ulivunjika vibaya. Umepona umepinda. Kile kidole gumba hakifanyi kazi tena."

Nililia pale gulioni mbele za watu, mtu mzima! Mnunuzi wa asali akanitazama, akatazama tena, na nikaona amenijua. Akabeba debe lake akaondoka.

Kesho yake nilimuaga yule mama nikaanza safari. Nilitembea, nikadandia malori ya magogo, nikatembea tena. Nilifika Ulemo adhuhuri. Watu waliokuwa shambani waliniona, wakasimama na majembe yao, hakuna aliyeniita.

Mzee Kitundu alikuwa amekaa nje anasuka kamba. Nikapiga magoti mbali kidogo. "Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Aliendelea kusuka. Niliirudia, akainuka akaingia ndani. Wasomaji wangu, mzee yule aliishi miaka sita baada ya hapo, nami nilimwamkia kila nilipokutana naye, na mpaka anaingia kaburini hakuwahi kuitikia shikamoo yangu. Kwetu sisi mnajua hilo ni jambo gani.

Rebeka alitoka. Alikuwa amekonda. Hakunitukana, ningefurahi angenitukana. Alisema tu kwamba mwezi ujao anaolewa, na mume ni mwalimu wa Kiomboi, na kwamba kama nimekuja kwa ajili yake nisijisumbue. Kisha akamwita kaka yake.

Msengi alitoka akishika ukuta kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa umekunjika kifuani kama bawa la kuku. Alikaa kwenye kigoda. Nikasema, "Ni mimi."

"Najua. Hatua zako hazijabadilika. Unatembea kama mtu anayedaiwa kufika mahali."

Nikaanza kuomba msamaha, maneno yanagongana. Akaninyamazisha.

"Lile gita la umeme," akauliza, "lilikuwaje?"

Akaendelea, "Nilikusikia. Ulipiga vizuri sana. Kwenye wimbo wa tatu ulichelewa kuingia mara moja, basi. Niliwaambia watu waliokuwa karibu: huyo mnayemsikia ni mwenzangu, anashuka sasa hivi."

"Msengi, nisamehe..."

"Subiri. Nataka kujua kitu kimoja. Ulidhani ningekukataza? Ungekuja ukaniambia, Msengi, ninaondoka, kuna nafasi. Ungedhani ningelia? Ningekwambia nenda, usigeuke nyuma! Mimi ndiye niliyekusukuma asubuhi ile. Ningepanda jukwaani peke yangu nikapiga malimba, ningewaacha hoi, halafu ningerudi na lori la kijiji. Kitu gani kilikushinda kusema?"

Ningemjibu kwamba niliogopa mkono wake? Nimetafuta jibu jingine mpaka leo, sijalipata.

Rebeka akaingia ndani akatoka na gita langu. Zima! Halina hata mchubuko. Nikastaajabu. Hapo ndipo aliponiambia kitu ambacho mnunuzi wa asali hakukijua. Alipoanguka kwenye mawe yale, kaka yake alikuwa na malimba shingoni na gita langu mkono wa kushoto. Aliliinua juu lisivunjike. Akajikinga na mkono mmoja tu.

Angeliachia, angejishika kwa mikono miwili... Nilijiona mdogo kuliko punje ya uwele. Nililichukua lile gita kwa sababu Rebeka alikuwa amelinyoosha na sikujua la kufanya. Mwaka uliofuata nilimpa mwalimu wa shule ya msingi awafundishie watoto. Mimi sikupiga tena.

Sikuondoka tena Ulemo. Wapo walionitaka niondoke, lakini nilikaa, nikalima, nikala peke yangu misibani na arusini mpaka watu walipochoka kunichukia. Nilioa nikiwa na miaka thelathini na tano, mwanamke kutoka kijiji kingine ambaye hakuwa na habari zote.

Na Msengi? Sauti yake hakuna aliyeweza kuivunja. Alifundisha kwaya ya vijana kwa miaka mingi, na tamasha la mwaka uliofuata alipanda jukwaani nao, amesimama katikati. Nilikuwa nyuma kabisa ya watu. Alipoimba, watu walisimama wote, nami nikainama nisionekane. Alinisamehe, nadhani. Alikuwa ananitania, alikuja kwangu kula, mwanangu wa kwanza yeye ndiye aliyemfundisha kuimba. Tulitembea pamoja kwenda kanisani Jumapili nyingi sana. Lakini alitembea na fimbo. Nilimpa bega mara mbili tatu miaka ile ya mwanzo, akasema, "Hapana, ninaiona njia." Sikumpa tena.

Alifariki mwaka juzi. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na nilipolipandisha begani niliona uzito ambao nilikuwa nimeutamani kwa miaka mingi.

Vijana mnaosoma haya, mimi siwaambii msiondoke. Damu ikichemka, nendeni! Dunia ni kubwa, na pengine nafasi yenu ni ya kweli, si kama yangu. Lakini kama kuna mtu umemwambia "nisubiri hapa", mzazi, mchumba, rafiki, mgonjwa, yeyote... tafadhali, nakuomba kwa machozi, geuka kwanza. Tembea zile hatua kumi. Mwambie usoni kwamba unakwenda. Atakasirika, atalia, au atakubariki, hayo ni yake. Ila usimwache amekaa anakupigia makofi.